Kipushi: Kutu inakula ndoano, na kinga yake inachimbwa chini ya mji huu

Katika Haut-Katanga, mvua hunyesha tangu Novemba hadi Aprili. Ni miezi ambayo ndoano nyingi hukaa nyumbani. Mito inajaa na kuchafuka, na ng'ambo ya mpaka wa Kipushi, serikali ya Zambia hufunga uvuvi kila mwaka tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Msimu unapofunguliwa, mvuvi anafungua kopo lake na kukuta ndoano zimegeuka nyekundu, ingawa hazikuguswa na maji ya mto.

Hasara si ndogo. Kutu hula ncha, ndoano haichomi tena vizuri, na samaki mkubwa akivuta inakatika. Mvuvi analazimika kununua nyingine kabla hajauza hata samaki mmoja.

Ili kutu ipatikane, vitu vitatu lazima vikutane: chuma, maji na hewa. Wakati wa mvua, unyevu ulio hewani peke yake unatosha.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni shaba, madini yaliyoipa Katanga umaarufu. Chuma kikigusana na shaba mahali penye unyevu, chuma ndicho kinachoharibika, tena haraka zaidi. Risasi ya kuzamisha uzi nayo inaweza kufanya vilevile. Kwa hiyo, usifunge ndoano kwa waya wa shaba, wala usizichanganye na risasi katika kopo moja.

Zinki hufanya kinyume. Ikipakwa juu ya chuma, inaharibika yenyewe kwanza na kukiacha chuma kizima, hata kama kuna mkwaruzo mdogo. Ndiyo maana mabati ya nyumba hudumu miaka mingi, na karibu nusu ya zinki yote duniani hutumika kulinda chuma. Mgodi wa Kipushi, ulioanza 1924, ukasimama 1993 na kurudia uzalishaji 2024, ni kati ya migodi yenye zinki nyingi zaidi katika mawe yake. Lakini zinki hiyo inauzwa nje ikiwa bado haijayeyushwa, na mvuvi wa hapa ananunua ndoano zilizotengenezwa mbali.

Akiwa nazo, anaweza kuzitunza kwa gharama ndogo:

- Osha ndoano kwa maji safi kuondoa utelezi wa samaki na matope, kisha uzikaushe kabisa juani.
- Zipake mafuta mepesi ya mashine. Mafuta ya kupikia huganda na kunata.
- Zifunge ndani ya kitambaa kikavu, katika chupa yenye kifuniko cha kukaza. Mchele mkavu kidogo hunyonya unyevu.
- Usiweke chupa sakafuni wala karibu na ukuta wenye maji.
- Ukinoa, noa ncha tu. Ukisugua ndoano nzima unaondoa kinga iliyopakwa juu yake.
- Kila mwezi fungua, kagua, na utoe iliyoanza kutu kabla haijachafua nyingine.

Kabla ya kurudi mtoni, pangusa mafuta. Ndoano iliyooza usiitupe njiani ambako watoto hupita bila viatu. Pepopunda haisababishwi na kutu yenyewe, bali na vijidudu vya udongoni vinavyoingia kwenye kidonda kirefu. Aliyechomwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni, kisha aende kituo cha afya kuuliza kuhusu chanjo.