UVUNAJI WA MAJI YA MVUA NYUMBANI: KIPIMO NI KIANGAZI

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Methali hii inasadifu hali ya Ukambani, hususan Kitui na Makueni, ambako mvua hunyesha kwa misimu miwili mifupi: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Kuanzia Juni kiangazi hutawala kwa takriban miezi minne. Ajabu ni kuwa jamaa iliyoyatazama maji yakitiririka uani mwezi wa Novemba ndiyo hiyo hiyo ambayo mama na binti zake huchimba mchanga wa mto uliokauka mwezi wa Agosti, wakisubiri mtungi ujae. Je, maji hayo ya Novemba yangeweza kuhifadhiwa vipi?

Kanuni ya msingi ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Kwa hivyo, paa linalofunika mita 40 za mraba za ardhi, likinyeshewa milimita 20, hupokea lita 800. Ikikadiriwa kuwa sehemu moja kwa tano hupotea kwa kuruka na kuvuja, husalia lita 640, yaani mitungi 32 ya lita 20. Hiyo ni mvua ya alasiri moja tu.

Mbinu iliyoenea zaidi ni ya paa la mabati. Mifereji hutundikwa ukingoni mwa paa, ikiinama kidogo kuelekea kwenye bomba liingialo tangini. Aghalabu watu husahau kuwa maji ya kwanza huosha vumbi, majani na kinyesi cha ndege. Maji hayo, lita 20 hadi 40 kwa paa lililotajwa, yafaa kuelekezwa kando kabla ya bomba kurudishwa tangini. Paa la nyasi nalo hutoa maji yenye rangi, ambayo hufaa zaidi mifugo na bustani.

Tangi laweza kuwa la plastiki au la saruji iliyokandikwa juu ya wavu wa waya. Liwe la aina yoyote, sharti lifunikwe ili mwanga usioteshe ukoga wa kijani, na kila tundu lizibwe kwa wavu laini ili mbu wasizaliane humo. Bomba la kutekea huwekwa juu kidogo ya sakafu ya tangi ili mashapo yasitoke. Hata hivyo, maji ya kunywa yanapaswa kuchemshwa au kutiwa dawa.

Mahali ambapo paa halitoshi, ardhi yenyewe hugeuzwa kuwa paa. Katika visiwa vya Lamu, ambako visima vingi huwa na maji ya chumvi, wenyeji hujenga jabia: sakafu pana iliyosakafiwa, yenye mteremko wa kuyaongoza maji hadi kwenye birika.

Fauka ya hayo, kosa kubwa hutokea katika kuchagua ukubwa wa tangi. Wengi huangalia mvua ilhali kipimo halisi ni kiangazi. Jamaa ya watu 5, kila mmoja akitumia lita 10 kwa siku kwa kunywa na kupika, huhitaji lita 50 kila siku. Kwa siku 120 za ukame, hiyo ni lita 6,000. Tangi la lita 1,000 halitavuka hata majuma matatu. Lililobaki litafurika na kumwagika mvua ingali inanyesha.

Bila shaka, gharama ndiyo kikwazo. Lakini historia ina funzo. Katika miaka ya 1960, akina mama wa eneo la Kati nchini Kenya waliunda vikundi vya Mabati, wakachanga fedha na kuezekeana nyumba kwa zamu. Leo mabati yamo juu ya nyumba nyingi. Kilichosalia ni mfereji na tangi. Mchango ulioleta paa waweza pia kuleta tangi, na saa ambazo binti huzipoteza mtoni zikarudi darasani.