Iliki ya Usambara Mashariki na Gharama ya Kivuli

Milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, ni sehemu ya Tao la Mashariki, yaani mlolongo wa safu 13 za milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa nchini Tanzania. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda miteremko hiyo, hupoa na kuangusha mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka katika eneo la Amani. Na unyevu huo, pamoja na kivuli cha miti mirefu, ndio mtaji halisi wa biashara ya iliki.

Mmea huo, wenye asili ya kusini mwa India, hauvumilii jua kali, hivyo mkulima hufyeka vichaka na miche michanga, akaiacha miti mikubwa isimame kama paa. Baada ya takriban miaka mitatu, vitunda hutokea kwenye vikonyo vinavyotambaa ardhini, shinani mwa mmea, na mvunaji huinama akivichuma kimoja kimoja vikiwa bado kijani, kwa kuwa vikiachwa vikaiva hupasuka na kushuka daraja. Kilo 5 mbichi hutoa takriban kilo 1 kavu, na hapa ndipo jasho la mkulima linapopotea zaidi: anayechuma mapema kwa kuhofia wezi hupata punje changa zisizo na uzito wala harufu, na asiye na pa kukaushia huuza mbichi kwa bei anayoitaka mlanguzi.

Shamba la iliki likitazamwa kwa mbali hudhaniwa kuwa msitu, ilhali ni msitu usio na watoto, kwani mti mkongwe ukianguka hakuna mche wa kuurithi. Rutuba ikiisha, mavuno hupungua, kivuli hukatwa na mahindi huingia. Mvua hiyohiyo iliyolea iliki sasa huchukua udongo hadi Mto Zigi, unaojaza bwawa la Mabayani linalolihudumia Jiji la Tanga kwa maji. Gharama hiyo haimo katika bei ya iliki, wala mkulima halipwi kwa mti aliouacha. Ahueni iliyo karibu ni pilipili manga, ambayo hutambaa juu ya miti hai, kwa maana mkulima mwenye zao linaloegemea shina ana sababu ya kuuacha mche ukue.