Fahamu: Jina la biashara halilindi nembo

Msindika kahawa wa Tarime aliyesajili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, bado hajailinda nembo iliyo kwenye pakiti zake. Nembo ina ombi lake, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986.

Ombi huwasilishwa BRELA kwa mtandao, likitaja daraja la bidhaa: kahawa ni la 30, bia ni la 32. Likikubaliwa hutangazwa, na mwenye pingamizi ana siku 60. Usajili hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kila miaka 10.

“Kahawa ya Tarime” peke yake ni alama dhaifu: inataja bidhaa na mahali tu.

Ukivuka mpaka kutoka Sirari kuingia Isebania, Kenya, ulinzi wa BRELA umekwisha. Huko ulinzi huombwa upya, kwa KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili alama. Anayeuza pande zote mbili aombe kabla mzigo haujavuka.