Kionjo na Mauzo: Juu ya Kugawa Muziki Bure

Neno "kugawana" lina ndani yake dhana ya kupungua: wawili wakigawana mkate, hapana apataye mkate mzima. Muziki wa kidijitali hauifuati kanuni hiyo. Ampaye mwenzake wimbo kwa njia ya intaneti hubaki nao, na nakala ya kumi ni sawa na ya kwanza. Sivyo ilivyokuwa katika kaseti, ambamo kila kunakili kulizidisha mkwaruzo. Basi swali linalowakabili wanamuziki, ambao wimbo ndio shamba lao, ni hili: ikiwa wimbo wapatikana bure, kinasalia nini cha kuuza?

Mfano ulio wazi ni wa Trent Reznor, Mmarekani wa kundi la Nine Inch Nails. Tarehe 2 Machi 2008 alitoa Ghosts I–IV, albamu ya vipande 36 vya ala. Vipande 9 vya kwanza viligawiwa bure. Vyote 36 viliuzwa kwa dola 5 kwa intaneti, dola 10 kwa diski mbili, na dola 300 kwa toleo la anasa lenye sahihi yake, nakala 2,500 tu. Nakala hizo zilikwisha katika muda wa siku chache. Hizo peke yake ni dola 750,000. Isitoshe, leseni iliruhusu mtu yeyote kuinakili kazi nzima na kuwapa wengine, maadamu hafanyi biashara. Hata hivyo, ndiyo albamu iliyoongoza kwa mauzo mwaka huo katika duka la muziki wa kidijitali la Amazon.

Mchuuzi wa maembe hukata kipande akamwonjesha mteja, na kionjo hicho hakishibishi. Reznor aliruhusu embe zima liliwe, na watu wakaja kununua! Kwa maoni yetu, kilichonunuliwa hapo si sauti, bali ni sahihi, uchache wa nakala, na pengine shukrani.

Radiohead wa Uingereza walikuwa waangalifu zaidi. Mnamo Oktoba 2007 waliwaachia wasikilizaji wajipangie bei ya In Rainbows, hata sifuri. Desemba wakaufunga mlango huo kabla diski hazijafika madukani. Diski zilipotoka, albamu ilishika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani.

Lakini wote hawa walikwisha kupata jina chini ya kampuni kubwa. Kwa mwimbaji chipukizi, kugawa bure huenda kukamletea wasikilizaji wengi, na asipate mnunuzi hata mmoja.