KUBOFYA MARA MBILI: MKONO, KIPANYA NA KIPIMO CHA MUDA

Anayeanza kutumia kompyuta nyumbani huambiwa: «Bofya mara mbili.» Hubofya mara mbili, na kabrasha halifunguki. Hurudia kwa nguvu zaidi, wala halifunguki. Akiwa mtu mzima mbele ya wanawe, huona haya, akahitimisha kwamba chombo hiki ni cha vijana. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mara nyingi kosa haliko mkononi, bali katika kipimo ambacho mashine imewekewa, na kipimo hicho hubadilishwa.

Tuanze na neno lenyewe. Kitenzi bofya ni cha zamani kuliko kompyuta: ni kubonyeza kitu kwa kidole, kama afanyavyo mnunuzi wa embe sokoni akitaka kujua kama limeiva. Kiliteuliwa vema, kwa kuwa kinabeba wazo la wepesi, na kipanya hakihitaji nguvu. Lakini maneno mara mbili yanaficha jambo. Tukisema mgeni amebisha hodi mara mbili, hatuhesabu muda uliopita kati ya hodi na hodi. Mashine huuhesabu. Kwake, kimya kilichoko kati ya mibofyo miwili kina maana, kama vile kituo katika usemi kiwezavyo kuunganisha maneno au kuyatenganisha.

Katika programu ya Windows, muda huo kwa kawaida umewekwa kuwa milisekunde 500, yaani nusu sekunde. Mbofyo wa pili ukichelewa kupita hapo, mashine huhesabu mibofyo miwili ya pekee, na kabrasha huchaguliwa tu bila kufunguka. Tena kuna sharti la mahali: kishale kisisogee ila kidogo sana kati ya mbofyo na mbofyo. Ndiyo sababu mkono unaotetemeka hushindwa hata ukiwa na haraka.

Dawa yake ni hii. Katika kompyuta iliyowekwa kwa Kifaransa, hufunguliwa «Panneau de configuration», kisha «Souris». Katika ukurasa wa «Boutons» mna mstari wenye alama inayosogezwa, na kando yake picha ya kabrasha ya kujaribia. Alama ikipelekwa upande wa polepole, muda huongezeka hadi milisekunde 900. Ikipelekwa upande wa haraka, hupungua hadi 200. Mtumiaji na ajaribu kwa mwendo wake wa kawaida, pasipo kujilazimisha, mpaka picha ifunguke kila mara. Asiyeweza hata hivyo ana njia nyingine: abofye mara moja kuchagua, kisha abonyeze «Entrée» kwenye baobonye.

Katika ukurasa huohuo, anayetumia mkono wa kushoto anaweza kubadilishana kazi za vitufe viwili, ili kile kilicho chini ya kidole chake cha shahada kiwe ndicho cha kubofyia. Ajihadhari: badiliko hutokea papo hapo, hivyo mbofyo unaofuata ni wa kitufe cha upande wa pili.

Hata hivyo marekebisho haya yana mpaka. Kipanya kilichochakaa huweza kutoa mibofyo miwili pale kidole kilipobonyeza mara moja. Hilo ni kosa la swichi iliyomo ndani, na njia ya kulithibitisha ni kujaribu kipanya kingine.

Douglas Engelbart alipoonyesha kipanya hadharani huko San Francisco, tarehe 9 Desemba 1968, nia yake ilikuwa kuisaidia akili ya binadamu katika kazi zake. Nusu sekunde, basi, si sheria ya maumbile. Ni makadirio yaliyofanywa kwa ajili ya mkono usiojulikana. Anayemfundisha mzee wake kompyuta na aanze kwa kurekebisha kipimo hicho kabla ya kumwambia aharakishe vidole.