CHAKULA CHA KRISMASI KWA DESTURI YA JAMAIKA: NAMNA YA KUKIPIKA MIGORI NA HOMA BAY

Mwezi wa Desemba ufikapo, mabasi yatokayo Nairobi na Mombasa huja yamejaa watu wanaorudi nyumbani. Katika miji ya Homa Bay, Mbita, Kendu Bay, Rongo, Awendo na Migori, na katika maboma yote yaliyo kati ya ziwa na mpaka wa Tanzania, akina mama huanza kujiuliza: Mwaka huu tutawapikia nini watoto wetu na wageni wetu? Aghalabu jibu huwa lile lile la kila mwaka, yaani kuku, chapati, wali na soda. Hivyo ni vyakula vyema, wala hatuna nia ya kuvitoa thamani. Lakini vijana wengi wa siku hizi, wanaopenda muziki wa rege, huuliza watu wa Jamaika hula nini siku ya Krismasi. Makala haya yataeleza jambo hilo, na kuonyesha kwamba karibu vitu vyote vinavyotakiwa hupatikana katika masoko yetu wenyewe.

WAJAMAIKA NI WATU GANI?

Jamaika ni kisiwa katika Bahari ya Karibi. Waingereza walikiteka kutoka kwa Waspania mwaka 1655, na kwa muda mrefu mashamba yake ya miwa yalilimwa na watumwa waliochukuliwa kwa nguvu kutoka Afrika. Sheria ya kukomesha utumwa ilianza kufanya kazi mwaka 1834, na uhuru kamili wa watu hao ukapatikana mwaka 1838. Jamaika ilijitawala tarehe 6 Agosti 1962, mwaka mmoja na miezi kadha kabla ya Kenya. Wazee watakumbuka pia kwamba mmoja wa mawakili waliomtetea Mzee Jomo Kenyatta katika kesi ya Kapenguria, iliyoanza mwaka 1952, alikuwa Bwana Dudley Thompson, aliyelelewa Jamaika na aliyekuwa akifanya kazi ya uwakili Tanganyika.

Wajamaika wengi ni wa asili ya Afrika, na jambo hilo laonekana katika vyungu vyao. Hula mihogo, viazi vikuu, ndizi mbichi na maharagwe. Kutoka mwaka 1845 Wahindi nao waliletwa huko kufanya kazi mashambani kwa mkataba, wakaja na bizari yao. Ndiyo sababu nyama ya mbuzi iliyopikwa kwa bizari ni chakula cha heshima katika karamu za Jamaika, kama vile chapati ilivyokuwa chakula cha heshima kwetu baada ya Wahindi kuja kujenga reli na kufungua maduka. Shelisheli, ambalo watu wa pwani yetu walijua vizuri, lilipelekwa Jamaika na nahodha Bligh mwaka 1793 ili liwe chakula cha watumwa. Leo huchomwa na kuliwa kwa furaha na watu huru.

Haya sasa tutazame vyakula vinne vinavyoweza kuandaliwa kwa jamaa ya watu kumi.

1. WALI WA MAHARAGWE NA NAZI

Hiki ndicho chakula kisichokosekana. Siku za kawaida Wajamaika hutumia maharagwe mekundu, bali wakati wa Krismasi wengi hutumia mbaazi, kwa kuwa huo ndio msimu wake huko.

Chukua vikombe viwili vya maharagwe, uyaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, utie mapya, uyachemshe mpaka yawe laini. Tia tui la nazi moja kubwa, vitunguu vya majani, kitunguu saumu, chumvi, na pilipili moja nzima. Pilipili hiyo isikatwe wala isipasuke, kwa maana hutiwa kwa ajili ya harufu, si kwa ukali. Kisha tia vikombe vinne vya mchele uliooshwa. Maji na tui pamoja yawe kadiri ya vikombe vinane. Funika, punguza moto, uache mpaka maji yakauke, kisha toa pilipili.

Mchele hupatikana kutoka Ahero, na hata Nyatike, katika bonde la chini la mto Kuja, mpunga hulimwa. Nazi hutoka mbali na bei yake hupanda mwezi wa Desemba. Asiyeipata aweza kusaga karanga zilizokaangwa, azikoroge katika maji ya moto, ayachuje na kuyatumia badala ya tui. Ladha haitakuwa ya Jamaika kabisa, lakini wali utakuwa mzuri na wenye nguvu.

2. SAMAKI WA SIKI

Wajamaika waliipata njia hii kwa Waspania. Chukua ngege watano wa kadiri, wasafishe, wapake ndimu na chumvi, uwakaushe kwa kitambaa, kisha wakaange mpaka wawe rangi ya dhahabu. Katika sufuria nyingine tia siki kikombe kimoja, vitunguu vitatu vilivyokatwa duara, karoti mbili zilizokatwa nyembamba, pilipili moja na kijiko cha sukari. Chemsha kwa dakika tatu tu, ili karoti zisilegee, kisha mwagia samaki wote. Waache saa moja wanyonye siki. Huliwa bila kupashwa moto tena, jambo linalomfaa mpishi mwenye majiko machache.

Unaponunua samaki ufukoni, tazama macho yawe maangavu, matamvua yawe mekundu, na nyama irudi mahali pake uibonyezapo kwa kidole.

3. KUKU WA KUCHOMA WENYE VIUNGO

Jamaika huota mti uitwao pimento, ambao matunda yake makavu yana harufu ya karafuu, mdalasini na kungumanga kwa pamoja. Sisi tusio na mti huo twaweza kutumia viungo hivyo vitatu vyenyewe. Kwa kuku wawili, twanga kijiko kidogo cha kila kimoja pamoja na vitunguu vya majani, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili mbuzi moja, chumvi, maji ya ndimu na kijiko cha sukari nguru. Sukari nguru hutengenezwa katika vinu vidogo vya miwa huko Migori, na rangi yake nyeusi ndiyo inayofaa.

Paka kuku waliokatwa vipande, kisha wachome polepole juu ya makaa, ukiwageuza mara kwa mara. Moto usiwe mkali, maana ngozi itaungua na ndani kubaki kubichi. Kuku huwa ameiva pale maji yatokayo karibu na mfupa hayana wekundu tena.

4. KINYWAJI CHEKUNDU CHA KRISMASI

Hiki hutengenezwa kwa maua yaliyokaushwa ya rozela, ambayo Watanzania huyaita pia choya. Tia vikombe viwili vya maua katika chombo, pamoja na tangawizi iliyopondwa na karafuu sita. Mwagia vikombe kumi vya maji yanayochemka, funika, uache mpaka kesho yake. Chuja, tia sukari. Huko kwao watu wazima huongeza pombe ya miwa; nyumbani penye watoto kinywaji hiki ni kizuri bila pombe yo yote, na gharama yake yaweza kuwa chini ya ile ya kreti za soda.

MAMBO YA KUANGALIA SANA

Ni huzuni kubwa sikukuu ikiisha kwa watoto kupelekwa hospitali. Kwa hiyo yafaa kila mpishi ashike mambo haya manne.

Kwanza, maharagwe mekundu yana sumu yakiwa hayajaiva. Yakiisha kulowekwa, sharti yachemke kwa nguvu kwa dakika kumi kwa uchache, ndipo moto upunguzwe. Kuyaacha juu ya moto hafifu tangu mwanzo hakuondoi sumu hiyo.

Pili, Wajamaika hufanya mkate wa muhogo kwa kuukwaruza, kuukamua na kuuoka juu ya chuma cha moto. Atakaye kujaribu atumie muhogo mtamu anaoujua, aumenye, akamue maji yote na kuyamwaga mahali ambapo mifugo haitayanywa. Muhogo mchungu usitumiwe kwa kazi hii. Huo wahitaji kuvundikwa na kuanikwa kama wazee wetu walivyozoea. Wajamaika wenyewe wana tunda liitwalo aki, ambalo hawalili mpaka lipasuke lenyewe mtini, kwa sababu likiwa bichi huua. Basi tahadhari si uoga, ni elimu.

Tatu, watu wa Jamaika hulaza nyama yenye viungo usiku kucha. Penye jokofu, hakuna neno. Lakini pasipo na jokofu, na hasa katika joto la Homa Bay, kuku na achinjwe asubuhi, apakwe viungo, na kuchomwa baada ya saa moja tu.

Nne, wageni wetu huja tangu asubuhi mpaka usiku, na chungu kimoja cha wali hukaa kutwa nzima. Wali uliokaa katika uvuguvugu kwa saa nyingi waweza kuzaa sumu ambayo haifi hata ukiupasha moto tena. Ni afadhali kupika mara mbili, mchana na jioni, kuliko kupika chungu kimoja kikubwa na kuwapa watoto kiporo.

KUHUSU GHARAMA

Msomaji atauliza: Je, vyakula hivi havitamaliza fedha zangu? Kila mzazi ajua kwamba baada ya Desemba huja Januari, na Januari huja na karo, sare na vitabu. Mtu akopaye kwa ajili ya sahani ya siku moja humlipisha mtoto wake deni hilo kwa siku nyingi akiwa nje ya darasa.

Kwa hiyo usipike vyote. Mwenye samaki asinunue mbuzi. Mwenye kuku wake nyumbani asinunue samaki. Wali wa maharagwe na kinywaji chekundu vyatosha kuifanya siku iwe tofauti na siku nyingine. Vitu vikavu kama maharagwe, karafuu na maua ya rozela na vinunuliwe kidogo kidogo mapema, kabla bei hazijapanda. Na jamaa wakiwa wengi, kila nyumba ilete chungu kimoja, ili mzigo usimwelemee mama mmoja.

Watu wa Jamaika walipata chakula chao katika taabu: maharagwe yao, mihogo yao na samaki wao vilikuwa vyakula vya maskini, wakavipika kwa ustadi mpaka vikawa sifa ya nchi yao. Sisi nasi tunavyo vitu hivyo hivyo, na ziwa letu limejaa. Haba na haba hujaza kibaba. Tunawatakia wasomaji wetu wote Krismasi njema, yenye chakula safi na isiyo na deni.