Chumvi ya Ozi, Maji ya Kiambere

Wageni wanaokuja Kipini, mlangoni mwa mto Tana, kupima bahari huangalia ufuo tu. Hupiga picha kingo zinazomong'onyoka, huuliza ukuta utagharimu kiasi gani, kisha hao, Malindi. Mimi nilikuwa msomaji wa kipimo cha mto hapa Garsen hadi kustaafu, na kila wakiniuliza habari za bahari huwajibu habari za Tana.

Wapokomo wa kijiji cha Ozi, katika delta ya Tana, walilima mpunga kwa bamvua, yaani maji makuu ya bahari. Bahari ikijaa haikuingia shambani. Iliuziba mto usitoke, maji matamu yakarudi nyuma na kupanda, yakafuata mifereji midogo hadi majarubani. Pampu bila mafuta. Lakini ilitaka mto wenye nguvu. Maji ya chumvi ni mazito kuliko matamu, kwa hiyo mto ukinywea, maji hayo ya chumvi hutambaa sakafuni mwake kuelekea bara, juu huoni kitu. Mkulima akifungua mfereji saa ile ile aliyofundishwa na babake, anajimwagia chumvi. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulitufunza hayo, na miembe ya Ozi, iliyokuwa fahari yetu, imelipa.

Juu ya hayo bahari yenyewe inapanda. Jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi limekadiria kwamba usawa wa bahari duniani ulipanda sentimita 20 hivi kati ya 1901 na 2018, na kwamba kati ya 2006 na 2018 kasi ilifika milimita 3.7 kwa mwaka. Mvuvi aliyezoea maji kupanda na kupwa mita tatu atacheka. Asisahau kwamba milimita hizo hazipwi. Zamani delta ilijiinua yenyewe, kila furiko likitandaza tope jipya. Leo sehemu ya tope hilo hutuama Masinga, bwawa lililokamilika 1981, na katika mabwawa mengine chini yake; na mafuriko madogo yaliyolitandaza yamepungua. Makubwa, kama yale ya Novemba 2023, bado hutukumba.

Ukuta? Kwa nyumba za Kipini, ujengwe. Lakini chumvi haipiti ukutani, inapita mlangoni mwa mto. Ningepewa fedha hizo ningeweka vipima chumvi katika vijiji vya Ozi na Chara, na milango midogo ya mifereji ambayo mkulima mwenyewe anaifunga kipimo kikikataa. Mikoko nayo iachiwe ardhi nyuma yake isogee, hasa msikundazi, unaopenda maji yasiyo makali. Pakilimwa hadi mguuni pake, utakwama kati ya jembe na bahari.

Tena kuna jambo lisilohitaji saruji. Bamvua kubwa za Machi hutufikia mto ukiwa umedhoofika kwa kiangazi, na jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Kilindini huzitaja tarehe zake mapema. Wanaoendesha mabwawa wangeweza kuongeza maji kwa siku hizo. Ila wapigiwe simu mapema: kutoka bwawa la Kiambere hadi Ozi maji husafiri siku nyingi, yakizunguka kila kona ya mto huu.